Nyaya za Breki na Jumatatu za Nakundwa

Wenzangu mliokulia Upareni enzi zile ambazo mlio wa injini ukisikika kijijini watu walitoka nje kuuliza nani amefariki au nani anaoa, haya nawaandikia ninyi. Vijana wasome wakipenda, ila wataniuliza maswali mengi, na siku hizi nimechoka kujibu maswali.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye milima inayoutazama mji wa Same. Asubuhi ukungu ulikaa migombani mpaka jua lilipopata nguvu ya kuuondoa, na sisi tuliamka na makande ya jana yake, yamepashwa chunguni mpaka yakashika kidogo chini, pamoja na chai ya rangi yenye tangawizi ya kukohoza mtu. Shuleni tulikwenda na kuni mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili. Madaftari yalikuwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa shingoni. Tukirudi tulikalia magome ya migomba tukateleza kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa, mmoja baada ya mwingine, mpaka magauni yakatoboka. Breki ilikuwa visigino. Aliyeshindwa kusimama aliishia kwenye shamba la kahawa la mtu, na mwenye shamba alimpeleka nyumbani akimshika sikio.

Jambo la kwanza ambalo mtoto wa kike alifundishwa mlimani, kabla ya kusonga ugali, ni kufunga mzigo wa kuni. Mteremko hausamehe mzigo uliolegea. Ukuni mmoja ukichomoka, zote zinafuata, na wewe unafuata kuni. Kwa hiyo mama zetu walikaza kamba ya mkonge kwa goti, wakausukuma mzigo kwa mguu kuona kama kuna kinachocheza, na kikicheza walifungua wakaanza upya. Wageni wakija kuchumbia, husema watu wa zamani, hawakuangalia uso wa msichana kwanza. Waliangalia mzigo wake wa kuni ukutani. Baba yangu aliiamini shule hiyo kuliko ile ya mwalimu mkuu. Neno lake lilikuwa hili, na tulilisikia kwa kila kitu, kuanzia kamba za viatu mpaka mkia wa ng'ombe: "Kinachoning'inia kitakuangusha."

Sasa niseme habari ya baiskeli.

Baiskeli zilizokuwepo kijijini zilikuwa zile nyeusi, nzito, zenye breki za vyuma vinavyoshuka kutoka kwenye usukani. Watoto tulizipanda kwa kupitisha mguu ndani ya fremu, tumejikunja kama kaa, kwa sababu kiti kilikuwa mbali kuliko mbingu. Baba alipouza tangawizi ya mwaka mmoja mzuri, alirudi kutoka mnadani Same akikokota baiskeli ya aina nyingine kabisa, ya mtumba, rangi ya kijani iliyochubuka. Gia zake zilikuwa zimekufa zamani. Breki zake hazikuwa za vyuma. Zilikuwa nyaya, zimevikwa ganda la plastiki, na vile vibanio vya kuzishikilia kwenye fremu vilikuwa vimepotea, kwa hiyo zilining'inia huku na huku kama matumbo ya kuku.

Jirani yetu mzee Mbonea, ambaye hakuwahi kuiacha nafasi ya kumchokoza mtu, aliizunguka kimya, kisha akamuuliza Baba kama amenunua baiskeli au amenunua mbuzi, maana yeye anaona kamba tu. Watu walicheka. Baba hakucheka. Jioni hiyo hiyo alichukua tyubu iliyokufa, akaikata vipande vyembamba, akamwita dada yangu Nakundwa.

Nakundwa alikuwa mkubwa wangu, mwembamba, mkimya, na mwenye macho ya kupima. Mwaka ule alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari Same, msichana pekee wa kitongoji chetu. Bweni halikuwepo. Shangazi alikuwa na chumba, lakini nyumba yake ilikuwa mbali na shule, kandokando ya barabara kuu, kwenye jua lile la Same ambalo mtu wa mlimani akishukiwa nalo anahisi amesahaulika kwenye sufuria. Bila baiskeli asingefika shule kwa wakati. Na ili baiskeli iwe chini, ilibidi ishuke mlima kila Jumatatu alfajiri, na yeye akiwa juu yake, na unga na maharage ya wiki kwenye keria. Kuikokota njia yote kulimaanisha kuondoka usiku, jambo ambalo Baba hakutaka hata kulisikia. Ijumaa alipanda nayo akiisukuma, kwa kuwa kuiacha kwa shangazi kulikuwa kuwaachia wezi, na kupanda hakukuwa na tatizo. Hakuna aliyewahi kufa kwa kusukuma baiskeli kupanda mlima, alisema Mama, ingawa kuna wengi waliotamani.

Hofu ya Baba ilikuwa ya kushuka. Alikuwa amewahi kubeba machela kwenye barabara ile, na hakuwa mtu wa kusimulia. Alichofanya ni kuweka sharti. Alimfundisha Nakundwa kufunga nyaya: uulaze waya juu ya bomba la fremu, uunyooshe, uuzungushie mpira wa tyubu mpaka usicheze, fundo liangalie chini lisikamate majani. Kila Jumapili jioni angekagua. "Siku nitakayoona waya unaning'inia," alimwambia, bila kupandisha sauti, "utabaki hapa uchume maharage." Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa, lakini ungo ulisimama.

Ninyi mnaowajua wazee wetu mnajua kwamba hiyo haikuwa lugha ya kutishia. Walikuwepo ndugu waliokwisha kusema kwamba msichana kusomea mbali ni kuwapa watu wa chini mke wa bure. Baba alikuwa amewakatalia, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka kukataa. Kisingizio kidogo tu kingetosha.

Kwa hiyo Nakundwa alifunga. Sijaona tena nyaya zilizofungwa namna ile. Ziliufuata mwili wa baiskeli kama mshipa unavyofuata mkono, kutoka kwenye usukani mpaka gurudumu la nyuma, na vipande vya tyubu vimepangwa kwa nafasi sawa, vyote upana mmoja. Jumapili Baba alipitisha kidole juu ya waya, polepole, kutoka mbele mpaka nyuma. Kidole kisipokwama popote aliguna. Mguno ule ndio uliokuwa ruhusa ya kwenda shule.

Jumatatu ya kwanza alishuka. Ijumaa alirudi na kiwiko kimefungwa kitambaa. Alisema aliteleza kisimani kwa shangazi. Mama aliangalia kile kitambaa, akaangalia vumbi jekundu kwenye mkunjo wa gauni la shule, ambalo si vumbi la Same, akanyamaza. Mama zetu walikuwa na namna nyingi za kunyamaza, na ile ilikuwa ya kuweka akiba.

Mimi nilikuwa na kazi ya kumsindikiza mpaka kona ya kwanza, nimebeba mfuko wa maharage ili aanze safari na mzigo mwepesi kwenye mashimo ya jirani na nyumbani. Jumatatu ya pili tulipofika konani, ambapo nyumba yetu haionekani tena, Nakundwa aliegemeza baiskeli kwenye ukingo. Akapiga magoti mbele ya usukani, akafungua kile kipande cha kwanza cha tyubu, kile cha karibu kabisa na shingo ya baiskeli. Akauvuta waya ukalegea, ukafanya duara kubwa hewani, kama sikio. Kile kipande akakiweka mfukoni. Nilimuuliza anafanya nini, maana Baba ameshakagua. Aliugeuza usukani kulia, akaurudisha, akaniambia nirudi nyumbani, nitachelewa namba za shule. Ijumaa, kona hiyo hiyo, alipiga magoti tena akaufunga kama Baba alivyotaka.

Mambo yaliendelea hivyo muhula mzima. Ana mtihani wa baiskeli Jumapili, na anaufuta Jumatatu.

Masika yalipokuja barabara ilikatika. Maji yalikula ukingo chini kidogo ya ile kona kali ambayo gari likifika hulazimika kurudi nyuma ndipo likate. Mbiu ya msaragambo ikalia. Kwa vijana ambao leo wakiona shimo barabarani wanalipiga picha: msaragambo ni kazi ya wote. Mbiu ikilia unachukua jembe, unakwenda. Huulizi nani analipa chakula. Na desturi yetu ilikuwa kwamba mtu hapiti msaragambo mikono mitupu, hata kama ana safari. Unatua mzigo, unaokota jiwe, unaliweka mahali pake, unasalimia wazee, ndipo unaendelea. Mgeni alisamehewa. Mtoto wa kijiji asiyesimama, jina la wazazi wake lilitembea kuliko yeye.

Kazi iliangukia Jumatatu. Baba alitangulia na wanaume tangu alfajiri, na sisi watoto tulipewa ruhusa shuleni tubebe mawe. Wakati wanaume wako katikati ya kazi, matope magotini, Nakundwa akatokea juu anashuka. Alishuka vizuri, nalisema hili kama shahidi: polepole, mwili nyuma, miguu tayari. Angeweza kupita. Palikuwa na upenyo upande wa mlima, na mwanafunzi mwenye haraka huenda angesamehewa. Lakini alikuwa amelelewa. Akashuka, akailaza baiskeli ukingoni, akasema shikamooni, akainama kutafuta jiwe.

"Nakundwa," alisema mzee Mbonea, ameegemea jembe, "mbuzi wako amekata kamba."

Watu wakacheka, wakageuka kuangalia, na Baba akageuka nao. Waya ulikuwa pale, umefanya lile duara juu ya usukani, mbele ya kijiji kizima. Kicheko kikaisha chenyewe. Kila mtu pale alijua sharti la Baba, kwa sababu Baba alikuwa amelitangaza kwa ndugu zake kama ngao.

Baba alipanda kutoka kwenye matope, akaja mpaka kwenye baiskeli. Alimuuliza nani amefungua. Nakundwa akajibu ni yeye. Akamuuliza tangu lini. Tangu wiki ya pili, akasema. Bado alikuwa ameshika jiwe lake kwa mikono miwili.

"Shusha mzigo," alisema Baba.

Sidhani kuna mtu aliyedhani anasema habari ya unga. Nakundwa aliliweka jiwe mahali pake, kwanza, akaligonga kwa kisigino likae. Kisha akafungua kamba ya keria, akashusha mfuko wa unga, akashusha maharage, akashusha begi la vitabu, akavipanga ukingoni kwa mstari. Mimi nilikuwa na jiwe kichwani na sikukumbuka kulishusha. Halafu akatoa kile kipande cha tyubu mfukoni, akampa Baba.

"Nimeshusha, baba. Sasa funga wewe, kisha uishushe mpaka hapo konani."

Mtoto wa enzi zetu hakuzungumza na baba yake hivyo, tena mbele za watu. Mzee mmoja alikohoa. Lakini Baba alikuwa ameshashika kile kipande, na mkono wa fundi ukishika kamba hufunga. Alifunga. Akakaza, akapitisha kidole, kidole hakikukwama. Akaipanda, suruali imekunjwa magotini, katambuga zake za tairi zimejaa tope, akaiachia taratibu kuelekea konani.

Kona ile ni ya kulia. Alipokata usukani, waya uliokuwa umenyooka vizuri ukavutika, kwa sababu usukani ulikuwa unakwenda nao na fremu imeushikilia. Breki ya nyuma ikakamata yenyewe, mkono wake haujaigusa. Gurudumu likagoma, likaburuzika upande, na Baba akajikuta amesimama kwa mguu mmoja ukingoni kabisa mwa pale maji yalipokula barabara, baiskeli imelala kwenye paja lake. Chini yake kulikuwa na majabali na kahawa ya watu. Mzee Mbonea alitupa jembe akakimbia, wa kwanza kabisa.

Baba alimwashiria asimame. Akainyanyua baiskeli. Akaugeuza usukani kulia, gurudumu likashikwa. Akaunyoosha, likaachiliwa. Akarudia. Alirudia tena, na sisi sote tulisikia kile kimlio kidogo cha breki kugusa chuma. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kuni hazina shingo."

Alipanda nayo mpaka alipokuwa Nakundwa. Akapiga magoti kwenye tope. Akafungua fundo lake mwenyewe, akauacha waya ulegee pale shingoni, akamwambia ashike usukani augeuze huku na huku wakati yeye akiushikilia waya, mpaka wakapata mahali ambapo hauvutiki na wala haufanyi lile sikio kubwa la kukamata matawi. Hapo akafunga. Bado hakumwangalia.

"Ulianguka," alisema.

"Mara moja."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema nibaki."

Baba aliuinua mfuko wa unga akauweka kwenye keria, akaweka maharage, akaweka vitabu juu visilowe, akafunga kamba kwa goti, akausukuma mzigo kwa mkono kuona kama kuna kinachocheza. "Nenda," akamwambia, "umeshachelewa." Nakundwa akaipanda. Tulimwangalia akikata ile kona, na sijawahi kuona msaragambo uliosimama kazi namna ile. Alipotokea upande wa pili, mzee Mbonea akaokota jembe lake akarudi kwenye tope.

Siku hiyo Nakundwa alichapwa kwa kuchelewa. Ijumaa aliporudi hakusimama kwenye kona ya kwanza kupiga magoti. Jumapili Baba alikagua kama kawaida, lakini hakupitisha kidole tena. Aliugeuza usukani kulia na kushoto, akasikiliza, akaguna. Wale ndugu zake walipokuja kuuliza kama ni kweli binti alimpandisha baba yake baiskeli hadharani, aliwaambia waende wakajenge barabara, yeye ana kazi.

Nakundwa alimaliza sekondari. Hakupata alama za kuendelea, na sitaki kudanganya ili hadithi ipendeze. Sasa ana duka la mbegu na mbolea Kihurio, anawauzia wakulima wa mpunga, magoti yanamsumbua, na akiniambia habari za biashara huzungumza chini chini kama Baba. Baba tulimzika mlimani. Baiskeli sijui iliishia wapi. Pengine ni mlango wa banda la mtu.

Mimi nimerudi kuishi nyumbani kwetu, na binti yangu anasoma kule kule chini. Anashuka na bodaboda kila asubuhi. Barabara imechongwa, kona zimepanuliwa, na shimo likitokea tunaandikiana kwenye kikundi cha simu tukilalamikia serikali mpaka masika yanaisha. Vijana wa bodaboda ni wazuri, wana shikamoo mdomoni, lakini angalia pikipiki zao: maua ya plastiki, taa za bluu, spika mbili za muziki. Nyaya za spika zimefungwa kwa unadhifu ambao ungemfanya Baba atoe machozi.

Wiki iliyopita nilitoka nje na kanga yangu begani, nikamwambia kijana anayemchukua binti yangu kwamba nataka kuona waya wa breki. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama bibi aliyeuliza bei ya chumvi kwa senti.

"Mama, hii ni breki ya mafuta. Haina waya."

Nikainama. Kweli, palikuwa na bomba jeusi jembamba, limezibwa huku na huku, na ndani yake mafuta ambayo sitayaona. Hakuna pa kupitisha kidole. Binti yangu, masikioni amejaza vile visikilizio, alisema namwaibisha, akapanda. Nikauliza swali ambalo nilijua halina maana, kama breki ni nzima. Kijana akasema kabisa, mama, wakaondoka.

Niliketi na simu mapajani. Huwa anatuma ujumbe akifika, neno moja tu, siku nyingine mapema, siku nyingine mpaka mapumziko ya saa nne, siku nyingine husahau na kunilaumu jioni kwamba nina wasiwasi wa kizamani. Chai ilipoa nikilisubiri neno lile. Nilikuwa na kuni za kupasua, na sikuzipasua.